Jaji Akikataliwa, Nani Aamue?

Tarehe 25 Novemba 1998, siku ambayo Augusto Pinochet alitimiza miaka 83, majaji watano wa Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, walisoma uamuzi wao kuhusu mtawala huyo wa zamani wa Chile. Swali lilikuwa kama anaweza kupelekwa Hispania kujibu mashtaka ya mateso na mauaji, au kama kinga ya mkuu wa nchi inamfuata hata baada ya kuondoka madarakani. Alikuwa amekamatwa usiku wa tarehe 16 Oktoba akiwa amelazwa hospitalini London, kwa hati iliyoombwa na jaji wa Hispania, Baltasar Garzón. Tangu mapinduzi ya Septemba 1973 hadi alipoachia urais mwaka 1990, zaidi ya watu 3,000 waliuawa au walitoweka mikononi mwa serikali yake, na maelfu wengine waliteswa. Majaji walitamka misimamo yao mmoja baada ya mwingine. Wawili wa kwanza walisema ana kinga. Wawili waliofuata walisema hana. Wa tano alikuwa Lord Hoffmann, naye aliungana na waliosema hana. Kwa kura hiyo moja, historia ya sheria ya kimataifa iligeuka.

Siku chache baadaye likafichuka jambo ambalo halikuwa limetajwa mahakamani. Shirika la Amnesty International lilikuwa limeruhusiwa kuingia katika kesi hiyo kama mhusika, na mawakili wake walisimama mbele ya majaji hao watano wakidai Pinochet asipewe kinga. Lord Hoffmann alikuwa mkurugenzi na mwenyekiti, bila malipo, wa kampuni ya hisani iliyomilikiwa na kuendeshwa na Amnesty hiyo hiyo. Mkewe alikuwa mfanyakazi wa sekretarieti ya shirika hilo kwa zaidi ya miaka 20. Jaji hakusema neno. Mawakili wa Pinochet walirudi mahakamani, na tarehe 17 Desemba jopo jingine la majaji watano, likiongozwa na Lord Browne-Wilkinson, lilifanya jambo ambalo Baraza la Malodi halikuwahi kulifanya kwa sababu kama hiyo: lilifuta hukumu yake lenyewe na kuamuru kesi isikilizwe upya.

Katika sababu zilizotolewa Januari 1999, hakuna aliyemtuhumu Hoffmann kwamba alipendelea. Mawakili wa Pinochet wenyewe hawakudai hivyo. Majaji walisimamia kanuni ya zamani kwamba mtu hawezi kuwa mwamuzi wa jambo lililo lake, na wakaipanua. Mwaka 1852 Baraza hilo hilo lilifuta uamuzi wa Lord Cottenham, Mkuu wa Sheria wa nchi, kwa kuwa alikuwa na hisa katika kampuni ya mfereji iliyokuwa na kesi mbele yake. Hata wakati huo ilisemwa wazi kwamba hakuna anayedhani hisa hizo zilimwathiri. Hadi kesi ya Pinochet, kanuni hiyo ya kuondolewa moja kwa moja ilihusu zaidi fedha na mali. Browne-Wilkinson na wenzake walisema kwamba jaji anayeshirikiana na mhusika wa kesi katika kuendeleza lengo fulani yuko pale pale alipo mwenye hisa: shauri ni lake pia. Ndiyo maana hawakuhitaji kupima moyo wake. Walitazama kiti alichokikalia.

Nimeanza na kesi hii kwa sababu inapindua dhana moja iliyoshika mizizi, kwamba sheria za mgongano wa maslahi zinamlinda mwenye nguvu. Walioumia zaidi kwa ukimya wa Hoffmann walikuwa watu ambao huenda aliwahurumia. Familia za waliouawa Chile zilikuwa zimepata ushindi mpana Novemba 1998. Jopo jipya la majaji saba lilipotoa uamuzi tarehe 24 Machi 1999, sita kati yao walikubali kwamba Pinochet anaweza kushtakiwa, lakini kwa makosa ya mateso yaliyofanyika baada ya Uingereza kuingiza mkataba dhidi ya mateso katika sheria zake mwaka 1988. Miaka ya giza zaidi, ile iliyofuata mapinduzi, ikaachwa nje, na mashtaka yaliyosalia yakawa machache. Sisemi kwamba jopo la kwanza lingebaki sahihi kisheria. Hilo wanasheria wanalibishania hadi leo. Nasema kwamba muda ulipotea, hoja zikapata nafasi ya kusomwa upya kwa jicho jembamba zaidi, na watetezi wa Pinochet wakapewa bure kauli ambayo wasingeweza kuinunua: kwamba mzee wao alihukumiwa na mshirika wa maadui zake. Machi 2000 serikali ya Uingereza ilimwachia kwa sababu ya afya, akarudi Chile, na Desemba 2006 akafa bila kuwahi kutiwa hatiani.

Kosa la Hoffmann lilikuwa na sehemu mbili, na watu huzungumzia moja tu. Ya kwanza ni kukaa kimya. Ya pili ni kwamba uamuzi wa kukaa kimya au kusema, kubaki au kuondoka, ulikuwa wake peke yake. Hakukuwa na mtu mwingine yeyote ambaye kazi yake ilikuwa kumwuliza. Hoja yangu iko kwenye sehemu hiyo ya pili. Katika kesi zenye siasa ndani yake, jaji anayekataliwa asiwe yeye anayeamua kama amekataliwa kwa haki. Swali hilo liamuliwe na majaji wengine, baada ya jaji mwenyewe kutangaza kwa maandishi kila uhusiano unaoweza kutiliwa shaka, na kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Mahakama zetu nyingi za Afrika Mashariki zina kanuni nzuri kuhusu lini jaji ajitoe. Zilichopungukiwa ni jibu la nani aamue.

Kanuni zenyewe si siri. Mahakama ya Rufani Tanzania, katika rufani namba 13 ya mwaka 1999, ilieleza kwamba jaji au hakimu anaweza kukataliwa kihalali kama kuna ushahidi wa uhasama kati yake na mdaawa, kama ana uhusiano wa karibu na upande wa pili, au kama yeye au mtu wa familia yake ana maslahi katika matokeo ya kesi. Mahakama ikaonya pia kwamba jaji asitakiwe kujitoa kwa hofu za kufikirika. Kenya ina kanuni za maadili za mwaka 2020 zinazotaja sababu zinazofanana na hizo: jaji aliyewahi kuwa wakili katika shauri hilo hilo, jaji anayejua binafsi mambo yanayobishaniwa, jaji ambaye familia yake itapata au itapoteza kitu. Ukisoma nyaraka hizi huoni upungufu mkubwa wa busara. Lakini fuata maombi yenyewe hadi chumba cha mahakama. Wakili anasimama, anamwambia jaji usoni kwamba haamini kama atatenda haki, jaji anasikiliza, anaandika, anakwenda ofisini kwake, kisha anarudi kusoma uamuzi kuhusu nafsi yake.

Oktoba 2024 Wakenya waliona utaratibu huo ukifanya kazi chini ya taa kali kabisa. Naibu Rais Rigathi Gachagua alikuwa ameondolewa madarakani na Seneti usiku wa tarehe 17, na amri za Mahakama Kuu zikawa zimezuia mrithi wake kuapishwa. Naibu Jaji Mkuu akaunda jopo la majaji watatu. Mawakili wa Gachagua wakawataka majaji hao wajitoe, wakidai ukaribu na baadhi ya watu wenye maslahi katika mgogoro. Majaji hao hao watatu wakayasikiliza maombi na kuyakataa, kisha tarehe 31 wakaondoa zuio, na kesho yake Kithure Kindiki akala kiapo. Sina msingi wa kusema majaji walikosea kuhusu madai hayo. Inawezekana kabisa yalikuwa mepesi. Lakini ni nani, kati ya mamilioni ya wafuasi wa Gachagua waliokuwa wakifuatilia, angeweza kushawishika na jibu lililotolewa na walalamikiwa wenyewe? Mei 2025 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Naibu Jaji Mkuu hakuwa na mamlaka ya kuunda jopo hilo, kwa sababu kazi hiyo ni ya Jaji Mkuu. Huo ulikuwa uamuzi wa mamlaka, haukugusa upendeleo. Mtaani, hata hivyo, watu hawatenganishi mambo hayo mawili. Waliusoma kama uthibitisho wa kile walichokwisha kukiamini miezi saba kabla.

Tatizo hili si la Afrika peke yake. Mwaka 2004 Jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu ya Marekani alikwenda Louisiana kuwinda bata pamoja na Makamu wa Rais Dick Cheney, akasafiri kwa ndege ya Cheney, wakati kesi inayomhusu Cheney iko mbele ya mahakama hiyo. Alipoombwa ajitoe aliandika waraka wa kurasa 21 akieleza kwa nini hatajitoa, na waraka huo ukawa ndio mwisho wa shauri. Wenzake wanane hawakupiga kura. Mahakama hiyo ilikaa bila kanuni za maadili zilizoandikwa hadi Novemba 2023, na hata zilipotoka, kila jaji alibaki mwamuzi wa nafsi yake.

Kesi ya Marekani inayofundisha zaidi ilitoka jimbo la West Virginia. Kampuni ya makaa ya mawe iliamriwa kulipa fidia ya dola milioni 50. Wakati rufaa inasubiriwa, mkuu wa kampuni hiyo, Don Blankenship, alitumia dola milioni 3 kumsaidia mgombea ujaji Brent Benjamin kushinda uchaguzi wa mahakama ya juu ya jimbo mwaka 2004. Benjamin alishinda. Rufaa ilipofika mbele yake aliombwa ajitoe, akakataa, akaombwa tena, akakataa tena, na kampuni ikashinda kwa kura tatu dhidi ya mbili. Benjamin alisisitiza kwamba amejichunguza na hana upendeleo. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta uamuzi huo kwa kura tano dhidi ya nne. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba kujichunguza kwa jaji hakuwezi kuwa kipimo pekee, kwa sababu upendeleo ni kitu ambacho mwenye nacho ndiye wa mwisho kukiona. Anayejiona msafi huenda anasema kweli kuhusu anachokihisi na bado akawa amekosea kuhusu anachokifanya. Kwa hiyo sheria inatakiwa itazame hali kwa nje, kama mtu mwenye akili timamu na taarifa kamili angeitazama.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapoinuka, na ni pingamizi la watu wenye heshima. Majaji, wanasema, wameapa. Wamefunzwa miaka mingi kutenganisha wanachokipenda na wanachokiamua. Kumwondolea jaji mikononi mwake swali la uadilifu wake ni kumtukana, na ukianza kuwatukana majaji hutabaki na mahakama. Naliheshimu jibu hili, lakini linajibu swali ambalo halikuulizwa. Kiapo ni ahadi ya jaji kwa nchi. Mdaawa aliyeshindwa hakuwa ndani ya moyo wa jaji alipoapa, na hana njia ya kukikagua kiapo hicho. Mwaka 1924 Jaji Mkuu wa Uingereza, Lord Hewart, alikuta kesi ndogo ya ajali ya pikipiki ambamo karani wa mahakama alikuwa mshirika katika ofisi ya mawakili waliokuwa wakimdai fidia mshtakiwa huyo huyo. Karani aliingia faragha pamoja na mahakimu lakini hakusema chochote. Hewart alifuta hukumu hata hivyo, kwa msingi kwamba haitoshi haki itendeke, lazima watu waione inatendeka. Ikiwa ukimya wa karani ulitosha kufuta faini ya mwendesha pikipiki, mashaka juu ya jaji anayeamua nani awe rais wa nchi yanastahili uangalifu mkubwa zaidi. Tena, utaratibu ninaoutetea unamlinda jaji mwaminifu. Akisafishwa na wenzake, anasikiliza kesi akiwa na ngao. Akijisafisha mwenyewe, kila uamuzi atakaoutoa baadaye utarudishwa kwenye tuhuma ya mwanzo.

Pingamizi la pili ni zito, na anayetetea hoja yangu bila kulikabili hafai kusikilizwa. Wanasiasa hutumia maombi ya kumkataa jaji kama silaha. Mfano mbaya kuliko yote uko hapa hapa, Arusha. Novemba 2006 Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake walikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki kulalamika kwamba Kenya iliteua wabunge wake wa Bunge la Afrika Mashariki kinyume cha Mkataba wa Jumuiya, unaotaka wachaguliwe na Bunge la nchi. Tarehe 27 mahakama ilizuia wabunge hao wasiapishwe. Serikali ya Kenya ikakasirika. Katikati ya Desemba, ndani ya wiki chache tu, marekebisho ya Mkataba yalikuwa yamepitishwa, yakiongeza sababu za kumwondoa jaji wa mahakama hiyo, ikiwemo kusimamishwa au kuondolewa kwenye nafasi ya umma nchini kwake. Kenya ikaomba majaji wawili Wakenya wajitoe, Moijo ole Keiwua aliyekuwa Rais wa mahakama hiyo na Kasanga Mulwa, ikitaja matatizo waliyoyapata nyumbani wakati wa ile kampeni ya kusafisha mahakama iliyoanza mwaka 2003. Serikali iliyokuwa mlalamikiwa ndiyo ile ile iliyowaletea majaji hao matatizo hayo, iliyajua tangu mwanzo, na ikayakumbuka baada ya kushindwa katika hatua ya kwanza. Februari 2007 maombi yalitupwa. Machi 30 mahakama iliamua kwamba utaratibu wa Kenya ulikiuka Mkataba, na baadaye, katika shauri la Chama cha Wanasheria wa Afrika Mashariki, ilisema kwamba marekebisho yale ya haraka, yaliyofanywa bila kuwashirikisha wananchi, hayakuendana na Mkataba.

Sasa tazama kisa hicho kinathibitisha nini. Kilichoifanya mbinu ya serikali ionekane ilivyo ni muda na ushahidi: jambo lililojulikana mapema likaletwa kwa kuchelewa, na mleta hoja ndiye aliyelitengeneza. Hayo ni maswali ambayo majaji wasiohusika wangeweza kuyajibu vizuri kuliko wale wanaoshambuliwa. Jaji anayekataliwa anapoyatupa maombi ya hila, mwenye hila hupata alichokitaka, yaani sababu ya kupiga kelele kwamba jaji amejilinda. Majaji wengine wakiyatupa, kelele hiyo inakosa mashiko. Ukiweka pia sharti kwamba pingamizi liletwe ndani ya siku chache tangu taarifa za jaji zitangazwe, na kwamba liambatane na hati ya kiapo, ile desturi ya kumkataa jaji siku moja baada ya kupoteza maombi madogo inakufa.

Upo upande wa pili wa hatari hiyo, ambao sisi tunaupigia makofi bila kufikiri: jaji anayejitoa kwa urahisi. Septemba 2021 Jaji Elinaza Luvanda wa Mahakama Kuu ya Tanzania alijitoa katika kesi ya ugaidi iliyomkabili Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, na wenzake, baada ya washtakiwa kusema hawana imani naye. Wengi walimsifu kwa unyenyekevu. Mustapha Siyani aliyemfuata aliteuliwa kuwa Jaji Kiongozi na kuondoka, kesi ikaendelea mbele ya Joachim Tiganga, na Machi 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akaifuta. Sitilii shaka nia ya Jaji Luvanda, na washtakiwa walikuwa na haki ya kusema walichokiona. Ila mshtakiwa akitamka kwamba hana imani, na tamko hilo pekee likatosha, basi tumeshahamisha mamlaka ya kupanga majaji kutoka mahakamani hadi kizimbani, na kesho mamlaka hayo yatatumiwa na mwenye mawakili wengi na fedha nyingi. Na jaji anayepaswa kuchagua peke yake kati ya kubaki na kuondoka husukumwa na mambo yasiyo ya sheria: uchovu, heshima, hofu ya lawama, hata usalama wa familia. Mzigo huo hastahili kuubeba peke yake.

Pingamizi la tatu ni la hesabu. Mahakama ya Juu ya Kenya ina majaji saba, na Katiba inataka wakae wasiopungua watano. Kesi ya uchaguzi wa urais ifunguliwe ndani ya siku saba na iamuliwe ndani ya siku kumi na nne. Watatu wakiondolewa, hakuna mahakama. Hofu hii ina kumbukumbu yake. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo ilifuta ushindi wa Uhuru Kenyatta kwa kura nne dhidi ya mbili, jaji wa saba akiwa mgonjwa, na Rais akawaita majaji wakora mbele ya umati. Tarehe 25 Oktoba, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio, waliofika kusikiliza ombi la kuuahirisha walikuwa wawili tu, Jaji Mkuu David Maraga na Jaji Isaac Lenaola. Jioni iliyotangulia dereva wa Naibu Jaji Mkuu alikuwa amepigwa risasi. Akidi haikutimia, ombi halikusikilizwa, uchaguzi ukafanyika. Anayejua historia hiyo ana haki ya kuuliza: utaratibu mpya wa kuwaondoa majaji hautakuwa njia rahisi zaidi ya kuizima mahakama?

Jibu ni kwamba uhaba wa majaji ni tatizo la kutatuliwa, haupaswi kugeuzwa udhuru. Katiba ya Afrika Kusini inaruhusu kuteuliwa kaimu jaji katika Mahakama ya Katiba pale panapotokea pengo au jaji anapokosekana. Ujerumani imekwenda mbali zaidi. Sheria ya Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo inasema jaji akikataliwa, wenzake wanaamua bila yeye, na akiondolewa, mbadala wake anapatikana kwa kura ya bahati nasibu kutoka jopo jingine la mahakama hiyo hiyo. Mwaka 2018 utaratibu huo ulimhusu Peter Müller, waziri mkuu wa zamani wa jimbo la Saarland, katika kesi kuhusu sheria ya kuzuia usaidizi wa kujiua. Akiwa mwanasiasa alikuwa ameunga mkono na kusukuma muswada wa marufuku ya aina hiyo. Wenzake wakaamua asikae katika kesi hiyo. Hakuna aliyemfukuza wala kumdhalilisha. Aliendelea na ujaji wake katika mashauri mengine kwa miaka kadhaa. Kwa Kenya, kuongeza majaji wa akiba katika Mahakama ya Juu kungehitaji kugusa Katiba, na hilo halifanyiki kwa siku moja. Lakini kuwapa majaji sita uwezo wa kuamua pingamizi dhidi ya wa saba, kwa maandishi na ndani ya saa 48, kunahitaji kanuni za mahakama tu.

Wapo pia wanaosema kwamba majaji wote wanateuliwa na rais, kwa hiyo wote wana deni, na kubishana kuhusu ukaribu wa mmoja mmoja ni kupoteza wakati. Hili silikubali hata kidogo. Kuteuliwa kwa mujibu wa Katiba hakumfanyi jaji kuwa mtu wa aliyemteua, na wale wanne wa Septemba 2017 walilithibitisha mbele ya ulimwengu. Mgongano wa maslahi ni jambo mahususi: hisa hii, ndugu huyu, kazi ile ya uwakili, kauli ile aliyoitoa hadharani, uanachama katika shirika lililo mbele yake. Anayesema kila jaji amechafuka anamficha yule mmoja aliyechafuka kweli katikati ya wasafi wengi. Na mwananchi wa kawaida anayesikia kesi ya nyani imepelekwa kwa ngedere anastahili kuonyeshwa ngedere huyo ni nani, kwa jina na kwa ushahidi, au aambiwe wazi kwamba hayupo.

Ndiyo maana tangazo la mapema lina thamani kuliko hatua nyingine yoyote. Lord Hoffmann angesimama siku ya kwanza na kusema, mimi ni mwenyekiti wa kampuni ya Amnesty na mke wangu anafanya kazi huko, mambo mawili yangeweza kutokea. Ama mawakili wa Pinochet wangepinga na jaji mwingine angechukua nafasi yake saa hiyo hiyo, ama wangekubali aendelee na wangepoteza haki ya kulalamika baadaye. Kwa vyovyote vile hukumu ingesimama. Sentensi moja ilitosha. Majaji wetu hujaza fomu za mali kila baada ya muda kama maofisa wengine wa umma, lakini fomu hizo hukaa kwenye makabati na hazihusiani na kesi fulani. Kinachohitajika ni taarifa fupi ya kila jaji wa jopo, inayowekwa kwenye jalada la kesi na kusomwa mahakamani kabla ya hoja ya kwanza, hata kama taarifa yenyewe inasema hakuna cha kutangaza.

Kenya itapiga kura Agosti 2027, na si rahisi kuamini kwamba uchaguzi huo utapita bila shauri la urais. Ushindani ukishaanza hakuna kanuni itakayoonekana kuwa ya haki, kwa kuwa kila mstari utasomwa kama umeandikiwa mgombea fulani. Mahakama ya Juu na Tume ya Utumishi wa Mahakama zina muda wa kuandika sasa nani ataamua jaji anapokataliwa, ndani ya saa ngapi, na kwa ushahidi gani. Tanzania, ambako maombi ya kumkataa jaji bado huishia mezani kwa jaji yule yule, haina sababu ya kusubiri kesi nyingine kubwa ndipo ifanye hivyo. Vyama vya mawakili, Chama cha Mawakili Tanganyika na kile cha Kenya, vianze kwa kuandaa rasimu ya kanuni hizo na kuiwasilisha kwa Majaji Wakuu mwaka huu, kabla majina ya wagombea hayajajulikana.